"Nilimchanja, Siku ya Nne Akafa"

Maneno kwa wafugaji wa mbwa, Moshi mjini. Imeandikwa kutokana na hotuba ya mdomo, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa mwishoni.

Mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wetu, wazee wangu shikamooni. Kina mama, vijana, na ninyi watoto mliokuja na mbwa wenu mikononi, habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme juu ya chanjo ya watoto wa mbwa. Ningeanza na majina ya magonjwa mngesinzia, kwa hiyo naanza na lawama. Kila anayefanya kazi yangu hapa Moshi, awe Pasua, awe Majengo, awe Rau au kule juu Kibosho, ameshaambiwa maneno haya: "Daktari, mlimchanja mbwa wangu, siku ya nne akafa." Yanasemwa kwa uchungu, na mara nyingi yanasemwa mbele ya wateja wengine. Na anayesema hasemi uongo. Mbwa alichanjwa kweli, na siku ya nne alikufa kweli. Mambo mawili hayo hayana ubishi. Ubishi uko katikati yake.

Sikuja kuitetea sindano. Chanjo inaweza kudhuru, na nitawaambia inadhuru vipi, lini, na mara ngapi. Ninachoomba ni kwamba tuizoee saa. Madhara ya chanjo yana muda wake, na ugonjwa ambao mbwa alikuja nao mwilini una muda wake. Mfugaji anayezijua nyakati hizo mbili hadanganyiki, hata na daktari.

Tumchukue huyo aliyekufa siku ya nne. Kwa kawaida ni mtoto wa wiki sita au saba. Amenunuliwa juzi. Ametolewa kwa mama yake kabla ya wakati, akawekwa kwenye boksi na wenzake, akapitishwa sokoni, akashikwashikwa na kila mpita njia. Nyumbani amefika anacheza, mkia juu. Mwenye mbwa ni mtu makini, kesho yake anamleta achanjwe. Siku ya nne mtoto anasusa chakula, anatapika povu la njano, halafu anaharisha damu yenye harufu ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Hiyo ni pavo. Kirusi cha pavo kikishaingia hukaa siku 3 hadi 7, pengine hata wiki mbili, kabla mbwa hajaonyesha chochote. Maana yake siku ile anapigwa sindano, kirusi kilishaingia zamani na kilikuwa kinazaliana kwenye utumbo. Chanjo nayo inahitaji siku kadhaa kujenga kinga. Mbio hizo chanjo ilianza nyuma.

Wazee waliofuga mbwa miaka ya 60 hawakuijua pavo, na wanaposema "zamani mbwa hawakufa hivi" wanasema kweli. Ugonjwa huu ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1978, na ndani ya miaka miwili hivi ulikuwa umeizunguka dunia. Kirusi chake ni sugu. Kwenye udongo wa kivulini, kama huu wa chini ya migomba yetu, kinaweza kukaa miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Sabuni ya kawaida hakiisikii. Kinachokiua ni jiki: kikombe kimoja kwa vikombe 30 vya maji, kwenye sakafu iliyokwisha kusuguliwa uchafu ukatoka, halafu paachwe palowe dakika kumi. Ukiimwaga hiyo jiki kwenye udongo na majani unapoteza hela. Kwa hiyo nyumba iliyozika mtoto wa mbwa aliyeharisha damu isikimbilie kuleta mwingine mdogo. Kama mnamtaka mbwa upesi, mchukueni aliyekwisha kukamilisha chanjo.

Sasa lile swali la pili, linaloulizwa kwa jicho la pembeni: "Mbona mnachanja mara tatu? Si mnatafuta hela tu?"

Mtoto wa mbwa akizaliwa, siku ile ya kwanza ananyonya maziwa mazito, dang'a. Ndani yake mna kinga ya mama. Kinga hiyo ni mlinzi wa kuazima: yuko getini na rungu, na hamjui mwizi wala mgeni wa baba mwenye nyumba, anayekuja anapigwa. Chanjo ikija mapema, mlinzi huyo anaipiga nayo, na mwili wa mtoto haujifunzi kitu. Kadiri wiki zinavyokwenda kinga ya kuazima inapungua. Kwa mtoto mmoja inakwisha wiki ya 8, kwa mwingine wiki ya 12, na wapo wanaofika nayo wiki ya 14 au 16. Ndugu wa tumbo moja wanatofautiana, maana aliyekuwa na nguvu alinyonya zaidi. Kwa macho huwezi kujua nani ni nani. Ubaya wenyewe ni kwamba kuna kipindi kinga ya mama imeshuka kiasi kwamba haimlindi tena mtoto, lakini bado inatosha kuizuia chanjo. Katika kipindi hicho yuko wazi hata kama jana alipigwa sindano.

Ndiyo sababu tunaanza wiki ya 6 hadi ya 8, tunarudia kila baada ya wiki 3 au 4, na hatuachi mpaka mtoto afikishe wiki 16 au azivuke. Katika mfululizo huo, ukiniambia nichague sindano moja tu yenye uzito, nitachagua ya mwisho. Na hiyo ya mwisho ndiyo watu hapa Moshi wanayoikimbia, kwa sababu mbwa ameshakuwa mkubwa, anabweka, kumbeba ni kazi. Baada ya hapo anarudi kati ya miezi 6 na mwaka mmoja, kisha kwa distempa (ugonjwa mwingine wa virusi unaoua mbwa), pavo na homa ya ini ya mbwa inatosha kila miaka mitatu. Kichaa cha mbwa kinaanza mtoto akiwa na miezi 3, na hapa kwetu tunakirudia kila mwaka.

Mara nyingi kwenye chupa ya mseto, yaani chanjo ya magonjwa kadhaa kwa pamoja, mna pia ya leptospirosisi. Huu msiupuuze, maana unaambukiza watu. Mnaikumbuka homa ya Mgunda iliyowatisha watu kule Ruangwa, Lindi, mwaka 2022? Ndio huohuo. Unatembea kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, mbwa akiwemo. Chanjo yake kinga haidumu, inarudiwa kila mwaka. Na distempa, kwa wanaodhani ni jambo la mbwa wa matajiri: mwaka 1994 iliingia kwa simba wa Serengeti ikaua karibu theluthi yao. Mbwa wa vijiji vya jirani walikuwa wengi na hawakuwa wamechanjwa, na toka hapo kuchanja mbwa kuzunguka hifadhi ikawa sehemu ya kuwalinda simba.

Nije kwenye kazi yenu ninyi, maana nusu ya chanjo inafanyika nyumbani.

Minyoo kwanza. Mtoto wa mbwa anazaliwa nayo. Minyoo mviringo inapita tumboni mwa mama, minyoo ya safura inapita kwenye maziwa. Tumbo likiwa kubwa kama chungu na mbavu zinahesabika, wengine husema ameshiba. Hajashiba. Dawa inaanza wiki ya 2 na kurudiwa kila wiki mbili mpaka wiki ya 8. Kama umemnunua na hujui alipewa nini, mpe dawa wiki moja hivi kabla ya chanjo, ili mwili ukifika kwenye sindano uwe umetulia. Kipimo kinafuata uzito, na uzito haukisiwi. Mweke kwenye beseni juu ya mizani ya dukani, toa uzito wa beseni, mwenye duka atacheka lakini atakuruhusu. Dawa ya mbuzi "robo ya kifuniko" ni kamari.

Kupe na viroboto pia. Hapa kuna jambo linalonikera. Mtu anajua kesho ni chanjo, anataka mbwa aonekane msafi, usiku anamwogesha kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, ileile, kwa kukadiria. Asubuhi mtoto analetwa ana udenda, anatetemeka, macho mazito. Sumu hiyo kwa mtoto wa mbwa ni hatari yenyewe, sembuse ukiongeza sindano juu yake. Na akianguka saa nne asubuhi, nani atalaumiwa? Kupe watoeni kwa mkono au kwa kibanio, na dawa ya kupe muiulize inayofaa umri wake, siku nyingine kabisa.

Kisha kuna kumzoesha. Mbwa wengi wa hapa hukaa bandani au kwenye mnyororo mchana kutwa, wanafunguliwa usiku. Mkono wa mtu wa kwanza kumshika kwa nguvu katika maisha yao unakuwa wangu, nao una sindano. Halafu mnashangaa kwa nini mbwa anawachukia madaktari! Anzeni wiki ya kwanza anapofika. Jioni watoto wakiwa wametulia, mmoja amweke mapajani. Amshike sikio, achungulie ndani. Ainue mdomo wa juu, aangalie fizi. Amshike kila mguu kwa zamu, na kucha. Kisha avute kidogo ngozi ya mabegani, pale tunapochomea, aibane taratibu kwa vidole viwili, na palepale ampe kichwa cha dagaa. Siku ya kwanza mtoto atageuka kutaka kung'ata vidole. Baada ya siku kadhaa akiguswa mabegani anaanza kutafuta dagaa mkono uko wapi. Mbwa wa namna hiyo nikimchoma, dagaa akiwa mbele ya pua, mara nyingi hajui kama nimemaliza. Faida ya pili ni yenu: mmeshajua fizi zake zikiwa salama zina rangi gani, na mtaihitaji rangi hiyo baadaye.

Wakati huohuo msimfungie ndani kwa hofu ya magonjwa mpaka amalize sindano. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo anapojifunza dunia ikoje. Mbebeni. Aone bodaboda, asikie kengele ya kanisa na adhana, akutane na bibi mwenye fimbo na mtu aliyevaa kofia kubwa. Ila miguu yake isikanyage penye kinyesi cha mbwa wasiojulikana: stendi, sokoni, kwenye jalala.

Siku ya kuja. Asubuhi, katikati ya wiki. Mtu anakuja Ijumaa saa kumi na mbili jioni kwa sababu ndio ametoka kazini. Namwelewa, lakini mbwa akivimba uso saa mbili usiku tutatafutana. Njoo asubuhi ya siku ambayo mtu mzima atashinda nyumbani. Mpe chakula kidogo, saa mbili kabla ya kutoka. Usimshindishe njaa, mtoto mdogo wa mbwa akikaa na njaa sukari inashuka na anaweza kuzimia bila sindano yoyote. Na usimshindilie makande, maana atatapika kwenye bajaji, kisha tushindwe kujua ametapika kwa nini.

Usimlete kwenye kiroba. Nasema hivi kwa sababu nimewapokea wengi waliofungwa mdomo wa kiroba, wametundikwa kwenye boda kutoka Kiboriloni, jua kali. Anafika anahema, mwili unachoma. Nikimpima joto nakuta digrii 40. Hiyo ni homa au ni kiroba? Sijui, na nisipojua simchanji. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38 na 39.2. Kikapu au boksi lenye matundu, kanga chini, linatosha. Ukifika, usimshushe. Mwache kapuni au mapajani, kwa sababu mlango wa daktari ndiko wagonjwa wote wanakopita.

Kisha sema kweli. Kama jana aliharisha, sema. Kama amekohoa, kama ana makamasi, kama mlimpa dawa, kama alishawahi kuvimba baada ya sindano, sema kabla sijavuta dawa. Ukiweza, leta kinyesi kidogo kwenye kikopo chenye kifuniko. (Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka 2019, msinijie nayo mbele ya mtendaji.) Mbwa anayeumwa tunamwahirisha, tunamtibu kwanza. Kuahirishwa wiki moja hakumdhuru mtu, na daktari anayekurudisha nyumbani na mbwa mgonjwa bila kumchoma amekufanyia kazi nzuri hata kama hukuona sindano.

Ninyi nanyi mnayo haki ya kutuangalia sisi. Chanjo ya mseto huwa na chupa mbili: moja ina ungaunga mweupe ulioganda kama kidonge kilichovunjika, nyingine ina maji. Vinachanganywa mbele yako na kutumika palepale. Ukikuta imeshachanganywa tangu asubuhi, kataa kwa heshima. Inakaa kwenye ubaridi wa digrii 2 hadi 8. Anayeinunua dukani, akaitia mfukoni, akapanda daladala kwenda kumchoma mwenyewe, amemchoma maji ya bei kubwa. Na anayeilaza juu ya barafu tupu kwa nia njema anakosea upande wa pili, kwa sababu ile ya kichaa ikiganda inaharibika. Funga chupa kwenye karatasi au kitambaa kwanza, ndipo uweke kwenye kiboksi cha baridi. Sindano iwe mpya kwa kila mbwa. Chupa ya mseto ni ya mbwa mmoja. Msituombe tuigawe kwa wawili kwa sababu ni wadogo. Kipimo cha chanjo hakifuati uzito kama kile cha minyoo. Mwisho, ile stika ya chupa ibandikwe kwenye kadi, na tarehe.

Haya, ameshachomwa. Sasa saa.

Nusu saa ya kwanza usiende popote. Kaa pale kwenye benchi, mwangalie mbwa, simu weka mfukoni. Mzio mkali, ule wa kuua, kwa kawaida huanza ndani ya dakika chache hadi saa moja. Mbwa anatapika ghafla au anaharisha, analegea, anahema kwa shida, fizi zinageuka kuwa nyeupe kama karatasi. Hapa ndipo ile rangi mliyoizoea jioni inafanya kazi. Bonyeza fizi kwa kidole: panakuwa peupe, na ukiachia, waridi irudi ndani ya sekunde mbili. Isiporudi, damu haizunguki vizuri. Ukiwa bado kwenye benchi, mbwa ana adrenalini, dawa ya kuokoa mwenye mzio mkali, hatua tano kutoka alipo. Ukiwa umeshafika nyumbani, ana barabara nzima.

Mzio wa wastani unaweza kuchukua saa kadhaa. Uso unavimba, hasa mdomo na kope, mpaka mtoto anafanana na mzee aliyeamka na jino bovu. Ngozi inatoka mabaka ya kuwasha. Wenye manyoya mafupi mtayaona tumboni. Mara nyingi hauui, lakini haungojwi mpaka kesho, kwa sababu hujui utaishia wapi. Piga simu, mlete.

Halafu yapo ya kawaida, na ndiyo mengi. Jioni ile na kesho yake mtoto analala sana, anakula nusu, ana joto kidogo, akiguswa mabegani analia. Hiyo ni kinga ikifanya kazi. Siku moja, mbili, amerudi kucheza. Uvimbe mdogo kama harage pale alipochomwa unaweza kukaa wiki mbili tatu. Usiukande, usiupake mafuta ya nazi wala ya taa. Ukipita wiki tatu upo, au unakua, au unatoa maji, aletwe.

Sasa mnaona hesabu ilivyo. Dakika na saa: fikiria chanjo. Siku moja mbili za uchovu: chanjo, na itapita. Siku ya nne, kuharisha damu: huo ni ugonjwa, na aletwe vilevile, tena upesi, maana pavo inatibika ikiwahiwa kwa dripu. Wengi hawamleti. Wanakaa nyumbani wamekasirikia sindano, na mbwa anakauka maji mwilini.

Mzio unatokea mara ngapi? Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2005 uliangalia mbwa zaidi ya milioni 1.2 waliochanjwa. Ndani ya siku tatu, walioonyesha madhara ya aina yoyote, pamoja na yale madogo, walikuwa kama 38 katika kila mbwa 10,000. Mbwa wa umbo dogo walikuwa kwenye hatari zaidi, na hatari ilipanda kadiri sindano zilivyorundikwa siku moja. Kwa hiyo mwenye kimbwa kidogo cha manyoya akimwomba daktari atenganishe sindano kwa wiki mbili tatu, anaomba kitu cha maana. Kwa mbwa wetu wa kienyeji, kilo nane na miguu mirefu, sioni sababu ya kumsafirisha mara mbili.

Mbwa akianza kuvimba, kuna mambo naomba msifanye. Msimnyweshe maziwa. Najua maziwa ndiyo dawa ya kila sumu vijijini kwetu, lakini mbwa aliyelegea hamezi, yanaingia mapafuni. Msimpe panadol, diklofenaki wala ibuprofeni; dawa hizo za watu zinaharibu ini, figo na tumbo la mbwa, na mtoto wa kilo tatu anakufa kwa kidonge ambacho wewe hakikutulizi hata kichwa. Msimmwagie maji baridi. Mlazeni ubavu, shingo imenyooka, mtu mmoja ampigie daktari huku mwingine anatafuta usafiri. Akishapona, iandikwe kwenye kadi kwa kalamu ya wino: chanjo gani, alivimba wapi, baada ya muda gani. Safari ijayo atapewa dawa ya kuzuia mzio mapema, au sindano zitatenganishwa, na atakaa kwetu kwa muda mrefu zaidi. Uamuzi wa kumwacha bila chanjo kabisa usiufanye peke yako nyumbani, maana hapa katikati kuna kichaa cha mbwa.

Na juu ya kichaa nitasema kidogo tu, kwa kuwa mnaujua. Dunia nzima kinaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, karibu wote kutokana na mbwa, na sehemu kubwa ya wanaong'atwa ni watoto. Dalili zikishaanza hakuna tiba. Kisiwani Pemba kilitokomezwa kwa kuchanja mbwa. Tukiwafikia mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kupita. Siku ya kampeni ya chanjo leteni wote, hata mtoto ambaye hajafikisha miezi 3; atachanjwa, kisha atarudiwa baadaye.

Mama mmoja aliuliza: "Daktari, pua ya mbwa wangu ikiwa kavu baada ya sindano, si ndiyo homa yenyewe?"

Hapana, mama. Pua inakauka akilala juani, inakauka akiwa amelala karibu na jiko. Angalia anakula? Anasimama ukimwita? Fizi zake zikoje? Kama una kipimajoto, kinaingizwa nyuma, kikiwa kimepakwa mafuta kidogo. Ikizidi 39.5 na kesho yake haijashuka, nipigie.

Kijana mmoja wa boda akauliza: wake amekosa sindano ya pili, ana miezi 5 sasa, aanze upya?

Huanzi upya, kaka. Mlete hivyo alivyo. Kwa umri huo mlinzi wa mama alishaondoka, kwa hiyo distempa na pavo zitashika vizuri hata kwa sindano moja. Leptospirosisi itataka mbili, ya pili baada ya wiki mbili hadi nne. Na kichaa siku hiyohiyo.

Mzee aliyekaa nyuma hakuuliza kuhusu mbwa. Alisema mjukuu wake aling'atwa wiki iliyopita na mtoto wa mbwa wa jirani, kidonda kidogo tu, wakapaka majivu, na mtoto wa mbwa hajulikani alipo.

Mzee wangu, huyo mjukuu yuko wapi sasa hivi? Udogo wa kidonda hautuhusu. Kilitakiwa kuoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 siku ileile, na tutakiosha hata leo, lakini kuosha peke yake hakutoshi. Mpelekeni hospitali aanze chanjo ya binadamu leo, msisubiri mbwa aonekane. Mwenyekiti, naomba tusimamishe maswali kidogo. Dereva wa bajaji aliyeko pale mlangoni ampeleke mzee nyumbani amchukue mtoto, na mimi nitapiga simu huko hospitali. Wenye kadi wabaki, nikimaliza nakuja kuzikagua moja moja.